Kina Kipi? Istilahi za Upimaji wa Kina na Halijoto ya Maji kutoka Visima vya Makutupora hadi Bahari ya Hindi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna vihisi vya shinikizo na vihisi vya uzi wa mwanga vinavyopima kina na halijoto ya maji, kisha yanachunguza istilahi za Kiswahili zinazohitajika ili vipimo hivyo visomeke bila utata. Mifano ya kisimani inatoka katika eneo la visima vya Makutupora, Dodoma, na ile ya baharini inatoka katika Bahari ya Hindi. Inaoneshwa kwamba neno kina, likiachwa lilivyo, hubeba dhana zaidi ya moja, na kwamba mbili kati ya dhana hizo huenda pande zinazopingana: moja inapoongezeka, nyingine hupungua. Inahojiwa kuwa lugha ya kila siku tayari inatenganisha dhana hizo, na kwamba kazi ya mwanaistilahi ni kuurasimisha utengano huo badala ya kuufuta.

1.0 Utangulizi

Chukulia kisima kimoja chenye maafisa wawili wa maji. Wa kwanza anashusha utepe wa kupimia hadi unapogusa maji, anasoma mita 25, na mwezi unaofuata anasoma mita 23. Anaandika: "Kina cha maji kimepungua kwa mita 2." Wa pili anasoma kumbukumbu za kihisi kilichoning'inizwa ndani ya kisima hichohicho, mita 40 chini ya mdomo wake. Mwezi wa kwanza kihisi kilikuwa na mita 15 za maji juu yake, na mwezi wa pili mita 17. Anaandika: "Kina cha maji kimeongezeka kwa mita 2." Hakuna aliyekosea kupima wala aliyekosea sarufi. Hata hivyo, msomaji wa taarifa hizo mbili anaweza kuamini kwamba kisima kinakauka na kinajaa kwa wakati mmoja.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini tatizo lake ni halisi popote ambapo kumbukumbu za zamani za utepe zinaunganishwa na kumbukumbu mpya za vihisi. Makutupora ni mahali pa namna hiyo. Aidha, tatizo halikomei nchi kavu. Vifaa vinavyopima kina na halijoto ya bahari vimeunda dhana ambazo Kiswahili, lugha iliyozaliwa ufukweni, kinatarajiwa kuzieleza kwa wepesi. Makala haya yanaanza na mahali penyewe, yanaeleza utendaji wa vihisi, kisha yanarejea kwenye istilahi.

2.0 Makutupora na kumbukumbu zake

Makutupora inayozungumziwa hapa iko kaskazini mwa jiji la Dodoma, umbali wa takriban kilomita 30. Isichanganywe na Makutupora ya Manyoni, mkoani Singida, ambayo jina lake limesikika sana tangu ujenzi wa reli ya kisasa. Bonde la Makutupora limekaa juu ya miamba ya matale iliyochakaa na kupasuka, na maji ya ardhini hukaa katika nyufa na katika tabaka za mchakao huo. Maji hayo yamekuwa chanzo kikuu cha maji ya mji wa Dodoma tangu miaka ya 1950. Umuhimu wake uliongezeka baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na zaidi baada ya Serikali kuanza kuhamia huko kwa kasi mwaka 2016.

Usawa wa maji katika eneo hili umepimwa tangu 1955, na mfululizo wa vipimo hivyo ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu zaidi za maji ya ardhini katika nchi za tropiki. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza na Tanzania walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 55, kuanzia 1955 hadi 2010. Uchambuzi huo ulionesha kuwa maji ya Makutupora hayajazwi upya kidogokidogo kila mwaka. Hujazwa kwa vipindi, katika misimu michache yenye mvua kubwa isiyo ya kawaida, na baina ya misimu hiyo usawa wa maji hushuka. Msimu wa 1997/98, ulioambatana na El Niño yenye nguvu, ndio ulioleta ujazo mkubwa kuliko yote katika kipindi hicho.

Hapa ndipo bahari inapoingia katika habari za nyanda za kati. Mwaka 1997 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani upande wa Afrika Mashariki, ulikuwa na joto kuliko kawaida, ilhali upande wa mashariki, karibu na Sumatra, ulikuwa umepoa. Hali hiyo ya pande mbili, ambayo wanasayansi waliieleza rasmi mwaka 1999, ikitokea pamoja na El Niño huelekeza mvua nyingi Afrika Mashariki. Kwa hiyo halijoto ya maji ya bahari na usawa wa maji katika kisima cha Makutupora ni sehemu za habari moja, hata kama hupimwa na watu wasiokutana. Anayetaka kuieleza habari hiyo kwa Kiswahili anahitaji istilahi zisizobadilika maana zinapovuka kutoka ufukweni hadi Dodoma.

3.0 Utendaji wa vihisi

3.1 Kihisi cha shinikizo

Kihisi cha shinikizo hakipimi kina moja kwa moja. Kinapima uzito wa maji yaliyo juu yake kwa kila kipande cha eneo, na kina hukokotolewa baadaye. Safu ya maji baridi yenye urefu wa mita 10 huongeza shinikizo la takriban kilopaskali 98. Maji ya chumvi, kwa kuwa ni mazito kidogo, huongeza zaidi ya hapo. Kwa hiyo mita 15 za maji juu ya kihisi cha mfano wetu wa awali ni sawa na takriban kilopaskali 147. Kwa kuwa hewa nayo ina uzito, shinikizo la hewa iliyo juu ya kisima hupimwa kando na kutolewa, la sivyo badiliko la hali ya hewa litasomeka kama badiliko la maji.

Kihisi cha namna hii hunasa vipimo kwa vipindi vifupi, hata kila saa, bila mtu kuwapo. Faida yake katika mahali kama Makutupora ni dhahiri: mto wa msimu unaweza kujaa usiku mmoja na kukauka baada ya siku chache, na utepe unaoshushwa mara moja kwa mwezi hauwezi kuliona tukio hilo.

3.2 Kihisi cha uzi wa mwanga

Uzi wa mwanga ni uzi wa kioo safi, ambao kwa kawaida unene wake pamoja na gamba lake la kioo ni mikromita 125, yaani karibu na unene wa unywele. Mwanga unaoingizwa upande mmoja husafiri ndani yake kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Uzi huohuo unaobeba mawasiliano waweza kutumika kama kihisi, na njia mbili ndizo zinazohusika zaidi na mada hii.

Njia ya kwanza hupima halijoto mahali pengi kwa pamoja. Mpigo mfupi wa leza hutumwa ndani ya uzi, na sehemu ndogo ya mwanga hutawanywa na molekuli za kioo na kurudi ulikotoka. Katika mwanga unaorudi kuna kiasi kidogo kilichobadilika rangi, jambo lililogunduliwa na C. V. Raman wa India mwaka 1928 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Mwanga huo uliobadilika una sehemu mbili: moja yenye wimbi refu kuliko lile la awali, nyingine yenye wimbi fupi. Sehemu ya wimbi fupi huongezeka waziwazi kioo kinapopata joto, na uwiano wa sehemu hizo mbili ndio unaotoa halijoto. Mahali pa kipimo hujulikana kutokana na muda: mwanga unaorudi kutoka mita moja mbele zaidi huchelewa kwa takriban nanosekunde 10. Hivyo uzi mmoja wenye urefu wa kilomita kadhaa huwa kama safu ya maelfu ya vipimajoto vilivyopangwa mita kwa mita.

Njia ya pili hutumia alama zilizochorwa ndani ya uzi. Katika sehemu fupi ya uzi, kioo hufanywa kiwe na mistari ya kupokezana inayorudisha wimbi la urefu mmoja tu na kuyaacha mengine yapite. Alama za aina hii zilitengenezwa kwa mara ya kwanza nchini Kanada mwaka 1978, na zimepewa jina la akina Bragg, baba na mwana, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1915 kwa kazi yao kuhusu miale ya eksi. Uzi ukipata joto au ukivutwa, nafasi kati ya mistari hubadilika na wimbi linalorudishwa hubadilika pia. Kwa joto, badiliko hilo ni takriban pikomita 10 kwa kila nyuzijoto moja ya Selisiasi katika mwanga unaotumika kwa mawasiliano. Alama hiyo ikifungwa kwenye utando unaobonyezwa na maji, hupima shinikizo na hivyo kina. Kwa kuwa joto na shinikizo vyote huathiri alama, kihisi kizuri huwa na alama mbili: moja inayobonyezwa na nyingine inayohisi joto pekee, ili athari ya joto ipate kutolewa.

Tofauti ya njia hizi ina umuhimu wa kilugha. Njia ya kwanza haipimi kina hata kidogo. Hupima halijoto na umbali kwenye uzi. Uzi ukisimama wima ndani ya kisima, umbali huo waweza kuhesabiwa kuwa sawa na umbali wa kwenda chini. Baharini, mkondo wa maji huulaza uzi, na mita 300 za uzi huenda zikafika mita 250 tu chini ya uso wa maji. Mwandishi anayeita vipimo vyote viwili kina atakuwa amelihamishia joto la mahali pamoja kwenda mahali pengine.

4.0 Utata wa istilahi

4.1 Kina

Katika matumizi ya pwani, kina ni umbali kutoka uso wa maji kwenda chini. Nahodha aliyeshusha bildi alianza kuhesabu pima zake pale kamba ilipogusa maji, si pale iliposhikwa mkononi. Wavuvi wanaofahamu kwamba mlango kati ya Unguja na bara una kina cha makumi ya mita, na kwamba ule kati ya Pemba na bara una kilindi cha mamia ya mita, wote wanahesabu kutoka juu ya maji. Dhana hii ina nguzo moja: uso wa maji ndio mwanzo wa kipimo.

Kisimani nguzo hiyo huondoka. Anayepima kisima anasimama juu ya ardhi, na mwanzo wa kipimo chake ni mdomo wa kisima. Uso wa maji si mwanzo tena, bali ndio unaotafutwa. Hivyo, katika kisima kimoja kuna umbali wa aina tatu unaoweza kuitwa kina: kutoka mdomoni hadi mwisho wa kisima, kutoka mdomoni hadi uso wa maji, na kutoka uso wa maji hadi kwenye kihisi. Wa kwanza haubadiliki. Wa pili na wa tatu hubadilika daima kwa kiasi kilekile na kwa mwelekeo unaopingana, kwa sababu jumla yake ni urefu wa kamba ya kihisi, nao haubadiliki. Katika mfano wa utangulizi, 25 na 15 ni 40. 23 na 17 ni 40.

Inaweza kudaiwa kwamba muktadha hutosha kuondoa utata. Dai hilo lina nguvu katika mazungumzo, lakini halina nguvu katika jedwali. Safu ya tarakimu chini ya kichwa "Kina cha maji (m)" haina sauti, haina ishara ya mkono, wala haina mtu wa kuulizwa. Ikiunganishwa na safu nyingine yenye kichwa hichohicho lakini dhana nyingine, mvua kubwa itasomeka kama ukame. Katika bonde ambalo misimu michache ndiyo inayobeba ujazo wa miaka mingi, kosa la alama moja katika msimu kama wa 1997/98 linaweza kupindua hesabu ya maji yanayoweza kusukumwa.

4.2 Nyuzi

Utata wa pili umezaliwa na teknolojia yenyewe. Neno nyuzi ni wingi wa uzi, na ndilo pia linalotumika kwa vizio vya halijoto na vya pembe. Sentensi "Kihisi kina nyuzi 25" yaweza kumaanisha kuwa kifaa kina nyuzi 25 za kioo au kwamba kinaonesha joto la 25. Zamani dhana hizi hazikukutana katika sentensi moja; katika taarifa ya kihisi cha uzi wa mwanga hukutana karibu katika kila aya.

Vilevile, uzi mmoja wa kioo hutofautiana na waya mzima uliobeba nyuzi nyingi ndani ya magamba ya kinga. Kwa dhana hii ya pili, umma wa Tanzania umeshapata neno. Tangu nyaya za SEACOM na EASSy zilipofika Dar es Salaam, mwaka 2009 na 2010, na tangu ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, neno mkongo limezoeleka katika magazeti na matangazo. Wapo wanaopendelea mkonga, kwa mfano wa mkono wa tembo, ilhali mitaani husemwa faiba.

4.3 Kihisi na shinikizo

Utohozi wa neno la kigeni kuwa sensa umejaribiwa, lakini umbo hilo limeshikwa tayari na sensa ya watu na makazi. Kihisi, linalotokana na kitenzi hisi kwa kiambishi cha ala ki-, lina uwazi wa maana, hukubali wingi bila shida na huzalisha istilahi nyingine kama vile kihisi joto na kihisi shinikizo.

Kwa dhana ya nguvu inayokaa juu ya eneo, maneno matatu yanashindana. Kanieneo limeundwa kwa kuunganisha kani na eneo, na limetumika katika istilahi za fizikia. Mgandamizo hutumiwa na watabiri wa hali ya hewa, kama katika mgandamizo mdogo wa hewa. Shinikizo limeenea kupitia shinikizo la damu. Kanieneo linabainisha dhana vizuri kuliko mengine, lakini shinikizo ndilo linaloeleweka na fundi, muuguzi na mwanafunzi kwa pamoja. Mgandamizo, kwa upande wake, hudokeza tendo la kubana hadi kitu kisinyae, jambo ambalo maji hayalifanyi kwa kiasi cha kuonekana kisimani.

5.0 Suluhisho lililomo katika lugha

Mara nyingi mwanaistilahi hukimbilia kuunda neno jipya kabla ya kusikiliza yaliyopo. Kuhusu maji ya ardhini, matumizi ya kawaida yamekwisha kufanya utengano unaohitajika. Hakuna anayesema "kisima chenye kina"; husemwa kisima kirefu na kisima kifupi, na ndivyo hata idara za maji zinavyoandika. Hali kadhalika, mchimbaji hasemi "kina cha maji ni mita 25", bali "maji yako mita 25". Na maji yanapobadilika, husemwa yamepanda au yameshuka, vitenzi ambavyo mwelekeo wake haugeuki kamwe, hata kifaa kikibadilika.

Kwa msingi huo, mgawanyo ufuatao unapendekezwa:

(a) Kina kibaki na maana yake ya pwani: umbali kutoka uso wa maji kwenda chini, iwe baharini, ziwani au kisimani.
(b) Urefu wa kisima utumike kwa umbali kutoka mdomoni hadi mwisho wa kisima.
(c) Umbali hadi maji utumike kwa kipimo cha utepe, na mdomo wa kisima utajwe kuwa nukta ya rejea.
(d) Umbali wa uzi utumike kwa mahali pa kipimo kwenye uzi wa mwanga, na usiitwe kina kabla ya kusahihishwa.
(e) Usawa wa maji utumike kwa mwinuko wa uso wa maji kutoka usawa wa bahari.
(f) Nyuzijoto itumike kwa kizio cha halijoto, uzi kwa kioo kimoja, na mkongo kwa waya mzima.

Kati ya hizi, (e) ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Umbo lake limetokana na usawa wa bahari, istilahi inayofahamika na kila aliyesoma jiografia shuleni. Ikiwa mdomo wa kisima cha mfano wetu uko mita 1,080 juu ya usawa wa bahari, afisa wa utepe ataandika kwamba usawa wa maji umetoka mita 1,055 hadi 1,057. Afisa wa kihisi, ambacho kiko kwenye mwinuko wa mita 1,040, atajumlisha 15 na baadaye 17, na kupata tarakimu zilezile. Njia mbili zilizopingana sasa zinasema neno moja: maji yamepanda.

6.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba vihisi vya shinikizo na vya uzi wa mwanga havipimi kile ambacho majina ya kila siku hudokeza. Kimoja hupima uzito wa maji, kingine hupima mwanga unaorudi, na kina ni tafsiri ya baadaye. Tafsiri hiyo hufanywa kwa hesabu na pia kwa lugha, na kosa katika lugha halisahihishwi na usahihi wa kifaa.

Imeonekana pia kwamba chanzo cha utata wa neno kina ni kuhamishwa kwa dhana ya baharini kupelekwa mahali ambapo uso wa maji umeacha kuwa mwanzo wa kipimo. Kwa hiyo si upungufu wa Kiswahili. Lugha ilikwisha kuliona jambo hilo, ikawapa wachimbaji wa visima maneno yao. Kinachobaki ni kwa BAKITA, idara za vyuo vikuu na wahandisi wa maji kukubaliana juu ya vichwa vya safu katika majedwali yao. Kazi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na kuchimba kisima kimoja, lakini mji unaoishi kwa misimu michache ya mvua unahitaji kujua, bila kuuliza mara mbili, kama maji yake yamepanda au yameshuka.